Mlima Hukushinda Ukiwa Bado Chini: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kupanda Vilele kwa Baiskeli

Toleo hili nimelitenga kwa barua tano zinazohusu jambo moja: kuendesha baiskeli kwenye barabara ya mlimani kutoka chini hadi kileleni. Barua nimezifupisha, na majina ni yale ambayo waandishi wenyewe wamejipa.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, uzito wangu ni kilo 74, na kwenye barabara tambarare naendesha saa nne bila shida. Mwezi wa saba nitakuwa kusini mwa Ufaransa, na nimetia nia ya kupanda Mont Ventoux kupitia Bédoin, kijiji kilicho chini ya mlima huo, hadi juu kabisa. Baiskeli yangu ni ya mbio, ya zamani kidogo. Sproketi ndogo ya mbele (sproketi ni gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ina meno 39 na kubwa ya nyuma ina meno 25. Wenzangu wanasema nijenge kwanza misuli ya mapaja. Nianzie wapi? — Mwenye Mapaja Membamba

Marahaba, ndugu yangu. Mapaja yako yaache kama yalivyo; kinachohitaji kubadilishwa ni sproketi, na sababu yake utaiona ukikaa na kalamu na karatasi kwa dakika tano. Barabara ya Bédoin ina urefu wa kilomita 21 hivi na inapanda takriban mita 1,600, hadi kwenye kilele chenye kimo cha mita 1,909. Wewe, baiskeli, maji na vikorokoro vya mfukoni mtafikia kilo 85. Kuuinua mzigo huo mita 1,600 kunahitaji nishati ya kilojuli 1,330 hivi, uuinue kwa saa moja au kwa siku nzima. Mlima haupunguzi bei. Unachoweza kuchagua ni muda wa kulipa. Ukitaka kufika kwa saa mbili, miguu itoe wati 185 mfululizo kwa ajili ya kupanda peke yake. Kwa saa mbili na nusu ni wati 148. Kwa saa tatu ni wati 124, na kila hesabu uiongeze kidogo kwa ajili ya upepo na msuguano wa matairi. Mtu mwenye afya njema aliyezoea safari ndefu kama wewe ana matumaini ya kuzihimili wati 150 hivi kwa muda huo. Akishika 185, atazifurahia nusu saa ya kwanza na kuzijutia muda wote uliobaki.

Sasa zitie hizo wati 150 barabarani. Ndani ya msitu ambao barabara hiyo inaupita katikati ya safari, ambako mwinuko ni asilimia 9 na kuzidi, zinakupa mwendo wa kilomita 7 hivi kwa saa. Kwa sproketi zako za 39 na 25, mwendo huo maana yake ni kuzungusha kanyagio mara 37 tu kwa dakika. Ni kama kusukuma mlango uliokwama, mguu huu kisha ule, na kila msukumo unaukamua msuli mpaka gotini. Ukiweka 34 mbele na 34 nyuma, kwa mwendo uleule utazungusha mara 57. Ukiweka 30 mbele, mara 65. Kazi haikupungua hata chembe, ila imekatwa vipande vidogo ambavyo moyo na mapafu vinaweza kuvilipia papo hapo, badala ya kukopa kwenye misuli na kudaiwa mbele ya safari.

Nenda kwa fundi wa baiskeli mapema, maana shughuli yenyewe haiishii kwenye sproketi: kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kina kikomo cha meno kinachoweza kuyabeba, na mnyororo wenyewe huenda ukahitaji kuwa mrefu zaidi. Akikuambia 34 haiingii, muulize kubwa kabisa inayoingia ni ipi, nawe uifunge hiyo bila kuona haya. Wapo wanaoziita gia nyepesi "gia za wazee". Waache waseme, mtakutana msituni.

Kosa la pili, nalo ndilo linalowaangusha wengi kuliko lile la gia, hufanyika kwenye kilomita tano za kwanza. Kutoka Bédoin barabara inapita kwenye mashamba ya mizabibu kwa mwinuko wa upole, miguu ni mipya, asubuhi imetulia, na kila mtu anakwenda kasi kuliko uwezo wake. Kisha inafika kona kali ya Saint-Estève, barabara inainuka ghafla, na kwa kilomita tisa hivi hakuna mahali pa kupumulia. Mara yangu ya kwanza nilifika kwenye kona hiyo nikiwa nimewapita watu wanane, na nilijisifu kimoyomoyo. Wote wanane walinipita kabla sijamaliza kilomita tatu za msitu, wa mwisho wao akiwa mama wa makamo aliyekuwa akimsimulia mwenzake habari ndefu ya harusi. Nilisikia karibu kisa chote, kwa jinsi alivyonipita taratibu, wala hakukatiza sentensi ili avute pumzi. Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu: ikiwa kwenye mashamba ya mizabibu huwezi kusema sentensi ndefu kwa pumzi moja, punguza mwendo hata kama unajisikia una nguvu za kutosha, kwa kuwa utazihitaji msituni.

Msitu ukiisha utafika Chalet Reynard, mkahawa ulio kando ya barabara, zikiwa zimebaki kilomita sita. Kuanzia hapo hakuna miti. Ni mawe meupe matupu, mnara wa kileleni unauona muda wote na haukaribii, na upepo wa mlima huo una sifa mbaya kwa haki kabisa. Ukiwa na upepo wa mbele, usijaribu kuulinda mwendo uliokuwa nao msituni; linda pumzi, mwendo uache ushuke.

Kuhusu chakula, ulaji uanze ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla hujasikia njaa, kwa sababu mwili utachoma kilokalori zisizopungua 1,300 na tumbo haliwezi kupokea zote kwa mkupuo. Gramu 60 za wanga kwa saa ni kiasi ambacho wengi hukivumilia. Beba chupa mbili za maji na uondoke alfajiri. Kilomita moja na kitu kabla ya kilele utaona jiwe la kumbukumbu la Tom Simpson, Mwingereza aliyeanguka hapo na kufa tarehe 13 Julai 1967 katika mashindano ya Tour de France, siku ya joto kali, akiwa ametumia dawa za kusisimua mwili ambazo ziliziba sauti ya mwili uliokuwa ukimwambia basi. Wewe utakuwa hapo mwezi huohuo wa saba. Ukiacha kutoka jasho, ukasikia baridi kwenye jua, au barabara ikaanza kukuyumbia machoni, shuka ukae kivulini, na siku hiyo iishie hapo.

Na kama fundi atashindwa kabisa kukubadilishia gia, ipo barabara ya kutoka Sault, ya kilomita 26, inayoanzia juu zaidi na kupanda kwa upole mpaka inapokutana na ya Bédoin palepale Chalet Reynard. Kilele ni kilekile.

Mhariri, nimealikwa na dada yangu kupanda Pikes Peak nchini Marekani, mita 4,302. Nimezoea kuendesha karibu na usawa wa bahari. Mwenzangu mmoja ananitisha kwamba huko juu hakuna oksijeni. Ni kweli? Na nifanyeje? — Binti wa Pwani

Binti yangu, oksijeni ipo, na uwiano wake katika hewa ni uleule wa ufukweni, karibu asilimia 21. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, yaani hewa yenyewe imetawanyika, hivyo kila pumzi inaingiza kidogo kuliko ulivyozoea. Kwenye mita 1,900 shinikizo ni kama asilimia 80 ya lile la usawa wa bahari. Kwenye mita 3,000 ni asilimia 70. Kwenye kilele chako ni asilimia 60 hivi. Kanuni ya kukadiria ambayo wakufunzi wengi huitumia ni kwamba, ukishapita mita 1,500, uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa karibu asilimia moja kila mita 100. Piga hesabu: ukifika kileleni utakuwa umepoteza zaidi ya robo. Kwa hiyo usiendeshe kwa kufuata namba za wati ulizozizoea nyumbani, wala usishangae moyo ukipiga mbio kwa kazi ambayo kwa kawaida ni ndogo.

Barabara yenyewe ni nzuri, lami mpaka juu tangu mwaka 2011, urefu wake kilomita 31 hivi. Tatizo ni siku zako za kabla. Kama unaweza, fika mapema na ulale usiku kadhaa kwenye kimo cha mita 2,000 au kuzidi kidogo, ukitembea na kuendesha kwa wepesi, ili mwili uanze kuzoea. Siku mbili ni afadhali kuliko kutofika kabisa mapema, na wiki ni bora zaidi. Siku ya kupanda, ondoka asubuhi mno, kwa sababu majira ya kiangazi radi na ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida kwenye milima ile, na juu ya mstari wa miti utakuwa wewe na baiskeli ya chuma, wala hakuna kitu kingine kirefu karibu.

Kuumwa kichwa na kichefuchefu huwapata wengi wakishapita mita 2,500. Hizo ni dalili za kukuambia usimame, na zisipopoa, ugeuze. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, akajibu maswali ovyo, au akatweta akiwa amekaa kitako, hapo hapana mjadala wa kupumzika kidogo kwanza: anateremshwa mara moja, kwa gari ikiwezekana, na asiachwe peke yake, kwa maana ubongo au mapafu yanaweza kuwa yanajaa maji, na kuteremka ndiyo tiba ya kwanza.

Jambo moja ambalo vitabu vingi vya baiskeli havilisemi, nami nalisema kwa sababu linawahusu wengi wetu: mwenye selimundu hapaswi kupanda kimo hicho bila ushauri wa daktari wake, na hata mwenye kubeba kinasaba kimoja tu, ambaye maisha yote amejiona mzima, anaweza kupata madhara ya bandama katika hewa hafifu. Kama hujui hali yako, pima kabla hujanunua tiketi.

Nikipanda, nisimame juu ya kanyagio au nikae? Na je, naruhusiwa kukata barabara kwa mshazari, kushoto na kulia, ili kupunguza mwinuko? — Kijana wa Tandiko

Kaa muda mwingi, simama kidogo. Kukaa kunatumia nguvu kwa uangalifu zaidi, ila baada ya dakika ishirini mgongo na makalio vitalalamika, kwa hiyo simama kwa mizunguko ishirini au thelathini kisha urudi. Kabla hujasimama, weka gia nzito hatua moja, la sivyo mguu utazama ghafla na baiskeli itarudi nyuma kidogo kuelekea gurudumu la mwenzako. Kukata mshazari ni kweli kunapunguza mwinuko, na ni kweli pia kunakupeleka mbele ya gari linaloshuka usiloliona. Panda upande wako.

Ndugu mhariri, kupanda siogopi. Naogopa kurudi. Nina baiskeli yenye breki za kubana rimu, na mara ya mwisho nilipoteremka mlima mrefu mikono ilikufa ganzi, rimu ikawa ya moto, na nusura nitoke barabarani. Nilikosea wapi? — Mpanda Ngazi

Jina ulilojipa limebeba nusu ya jibu, kwani mpanda ngazi hushuka, na watu wengi hujiandaa kwa miezi kupanda halafu hawajiandai hata dakika moja kuteremka.

Nishati yote uliyoitoa jasho kwenda juu inakungoja uirudishe. Kwa yule ndugu wa kilo 85 na mita 1,600, ni kilojuli zilezile 1,330, ambazo zingetosha kuchemsha lita nne za maji baridi. Zina njia mbili kuu za kutokea: upepo unaoukata kwa kifua chako, au breki. Ukiteremka polepole sana huku breki umezikumbatia mwanzo mpaka mwisho, upepo hauchukui kitu na karibu joto lote linaingia kwenye rimu. Mimi niliwahi kulipia kosa hilo kwa tyubu ya mbele. Niliposimama kwenye kona kuangalia mandhari, nilisikia mlio kama wa bastola, na tairi likawa limelegea chini ya mkono wangu. Kama ningekuwa bado naendesha, safu hii angekuwa anaiandika mtu mwingine. Rimu nilipoigusa, niliondoa kidole upesi kama niliyegusa sufuria jikoni.

Fanya hivi. Kwenye sehemu iliyonyooka na unayoiona mbali, achia breki kabisa, uinuke kidogo ili kifua kishike upepo, na uache rimu zipoe. Kona ikikaribia, bana breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi wakati baiskeli ingali imesimama wima, umalize kupunguza mwendo kabla hujaanza kuilaza, kisha uachie ukiwa ndani ya kona. Mguu wa upande wa nje uwe chini na uzito wako uwe juu yake. Macho yatazame mahali unapotaka kutokea, kwa sababu baiskeli hufuata macho; anayetazama ukingo huenda ukingoni. Mikono ishike sehemu ya chini ya usukani, ambako vidole viwili vinatosha kubana breki kwa nguvu zote, na ndiyo dawa ya ule ganzi. Rimu zikiwa za moto, simama upumzike dakika kumi. Hakuna anayekuwekea saa. Wenye breki za diski wasijione wameokoka, maana zinastahimili zaidi lakini nazo hupoteza nguvu zikibanwa mfululizo.

Baridi ni adui mwingine, tena mwenye hila, kwa sababu unafika kileleni ukiwa umelowa jasho na unajiona una joto. Kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kila mita 1,000, kwa hiyo ukipanda mita 1,600 kutoka kule ulikoanza na nyuzi 22, juu unaweza kukuta 12, na upepo wa kuteremka unaishusha tena. Vidole vilivyokufa ganzi havibani breki. Vaa koti jepesi la upepo na glavu palepale juu kabla hujaanza kutetemeka. Wanamashindano wa zamani walikuwa wakipewa magazeti kileleni na kuyapachika kifuani chini ya fulana, na hila hiyo bado inafanya kazi vizuri kabisa, ikiwa ni pamoja na gazeti hili ukishalimaliza.

Swali langu ni fupi. Mume wangu anasema nikishuka kwenye baiskeli na kuisukuma hata mita mia, nitakuwa sijaupanda mlima. Ana haki? — Mama Ubishi

Mama, mpe mumeo kisa cha Tourmalet. Ni njia ya milima ya Pyrenees yenye kimo cha mita 2,115, na Tour de France iliipitia kwa mara ya kwanza mwaka 1910, wakati barabara ilikuwa ya udongo na mawe. Baiskeli zao hazikuwa na gia za kubadilisha ukiwa unaendesha. Henri Desgrange, mwasisi wa mashindano hayo, hakuzipenda, na hazikuruhusiwa kwa washindani wote mpaka mwaka 1937. Katika enzi hizo ilikuwa kawaida mtu aliyetaka gia nyepesi kusimama chini ya mlima, kufungua gurudumu la nyuma na kuligeuza, maana lilikuwa na sproketi moja kila upande. Penye mwinuko uliowazidi, walishuka na kusukuma.

Octave Lapize alifika juu ya Tourmalet wa kwanza siku hiyo, akiendesha kidogo na kutembea kidogo, kisha akashinda hatua yote ya kilomita 326 na, siku kumi baadaye, mashindano mazima. Gustave Garrigou ndiye aliyepanda bila kukanyaga chini hata mara moja. Huyo alipewa faranga 100.